Namna ya Kupata Mkutano wa Kuacha Pombe Ukiwa Mashambani, na Kuuhudhuria

Maswali ninayoulizwa na watu wanaotaka kuacha pombe huku mashambani ni yale yale mwaka nenda mwaka rudi. Mikutano hiyo hufanyika wapi? Je, ni ya kanisa fulani? Nikienda, si kijiji kizima kitajua? Nitaambiwa nisimame niseme nini? Nimeyajibu kwa simu, nimeyajibu njiani, nimeyajibu hata kwenye foleni ya kupima majani chai, na kwa kuwa kila ninapojibu kuna jambo ninalolisahau, nimeona heri niyaandike yote pamoja. Nimeandika hasa kwa ajili ya msomaji wa Kenya, kwa kuwa ndiko ninakoishi na ndiko nilikoachia pombe. Msomaji wa Tanzania atakuta maneno yake katika hatua ya 2.

Ninapotaja mkutano, nina maana ya kikao cha watu walioshindwa na pombe, wanaokutana bila ada na bila daktari ili wasaidiane kutokunywa. Vinavyojulikana zaidi ni vikao vya Alcoholics Anonymous, ambayo wengi huiita AA, iliyoanzia mjini Akron, Marekani, mwaka 1935. Mwanzo wake unamhusu sana mtu wa mashambani. Bill Wilson, aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, alijikuta ugenini, biashara imemwendea mrama, na kelele za baa ya hoteli zinamfikia alipokuwa amesimama. Badala ya kuingia, akaanza kuwapigia simu makasisi wa mji ule akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Mwishowe alielekezwa kwa daktari mpasuaji aliyeitwa Bob Smith, wakazungumza kwa saa kadhaa, na hao wawili ndio waliokuwa kikundi cha kwanza. Hapakuwa na ukumbi wala bango.

Kabla ya yote: usiache ghafla peke yako

Watu wengi wakishaamua kwenda mkutanoni hutaka kufika wakiwa wameacha kabisa, kwa hiyo hujifungia nyumbani siku 2 au 3 kabla ya siku yenyewe. Kwa anayekunywa mwisho wa wiki tu, hilo halina neno. Kwa anayekunywa kila siku, hasa yule anayeamka akitetemeka mpaka atoe loku, yaani anywe tena kidogo ili atulie, linaweza kumuua. Mwili uliozoea pombe huanza kuidai baada ya muda wa saa 6 hivi tangu kikombe cha mwisho: mikono hutetemeka, jasho humtoka mtu, moyo humwenda mbio, usingizi hukataa. Kifafa huweza kumpata katika siku 2 za mwanzo, na kati ya siku ya 2 na ya 4 baadhi ya watu huweweseka, wakaona wadudu au watu wasiokuwepo na wasijue walipo. Hayo si mapepo wala si kurogwa. Ni dharura ya hospitali, na hata kama familia inataka kuomba, iombe ikiwa ndani ya gari la kumpeleka.

Basi kama unakunywa kila siku, pitia kwanza kituo cha afya au hospitali ya kaunti ndogo, useme ukweli kuhusu kiasi unachokunywa na saa uliyokunywa mara ya mwisho. Dawa za kumvusha mtu siku hizo zipo, pamoja na vitamini B1 ambayo miili ya walevi wengi huwa imepungukiwa. Zahanati ndogo huenda isiwe nazo, ikakuandikia rufaa. Ichukue na uende. Na ikiwa mkutano ni kesho nawe bado hujaonana na daktari, nenda mkutanoni hivyo hivyo, hata kama asubuhi ulilazimika kunywa kidogo ili mikono itulie. Hakuna atakayekupima pumzi mlangoni.

Nina onyo moja kwa jamaa wanaosoma kwa niaba ya mtu wao. Kuna vidonge viitwavyo disulfiram, ambavyo mtu akivimeza kisha akanywa pombe, hutapika, uso humwaka, moyo humdunda na presha inaweza kushuka vibaya. Daktari humpa mgonjwa aliyekubali na aliyeelezwa. Kumtilia mtu vidonge hivyo kwenye chai bila yeye kujua, jinsi wanavyoshauriana baadhi ya wake na akina mama wakwe, ni kuhatarisha maisha yake. Na akija kugundua, hataamini tena chakula cha nyumba hiyo, sembuse ushauri wake.

Vitu vya kuwa navyo

Simu, hata kabambe, ile ndogo ya vitufe, inatosha. Nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na akiba ya boda boda iwapo mvua itanyesha. Nusu siku isiyo na kazi nyingine, kwa sababu mkutano wenyewe huchukua saa 1 au saa 1 na nusu lakini safari hula zaidi ya hapo. Karatasi ya kuandikia namba za simu, maana simu huzima, nayo karatasi haizimi. Mtu mmoja anayejua ulikokwenda, akiwapo.

Huhitaji kitambulisho, wala kadi ya bima, wala barua ya chifu, wala ada. Sharti la kuwa mwanachama wa AA ni moja tu, nalo ni kutaka kuacha kunywa.

Hatua kwa hatua

1. Tafuta mtu, usitafute bango.

Hili ndilo kosa linalowapotezea watu miezi. Mtu huzunguka mjini akitazama milango, hakuti maandishi yoyote, kisha husema hakuna mikutano upande huu. Mikutano mingi ya mashambani haina bango, kwa sababu wenyewe hawataki kuonekana. Inajulikana kupitia watu, na watu wanaojua ni hawa: afisa wa kliniki anayehudumia wagonjwa wa akili hospitalini, mshauri nasaha wa hospitali ya kaunti ndogo, mhamasishaji wa afya ya jamii anayepita boma kwa boma na begi lake, na padri, mchungaji au imamu ambaye waumini humletea matatizo ya nyumbani. Katika parokia za Kikatoliki wapo pia Mapaionia, wale wavaao beji ndogo ya Moyo Mtakatifu. Chama chao kilianzia Ireland mwaka 1898 na wanachama wake huahidi kutoonja kileo. Wengi wao hawajawahi kulewa maishani, kwa hiyo kikao chao si mkutano ninaouzungumzia, lakini mara nyingi huwajua walioacha.

Mtu wa mwisho katika orodha ndiye bora kuliko wote: yule uliyekuwa ukinywa naye, ambaye siku hizi humwoni kilabuni. Kila kijiji kina mmoja. Watu husema amerogwa, au ameokoka, au mke amemfunga kamba. Mwendee akiwa peke yake, mwulize amewezaje. Sijasikia hata mara moja kwamba mtu kama huyo aliulizwa akakasirika.

Chifu nimemwacha nje kwa makusudi. Mojawapo ya kazi zake ni kupambana na pombe haramu, na hata akiwa mtu mwema, anayekunywa chang'aa atakaa mbele yake akisubiri swali la pili, yaani "umeinunua wapi?"

2. Piga simu.

Kwa aliye Kenya, namba 1192 ni simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya taifa inayoshughulikia ulevi na dawa za kulevya, na anayepokea anaweza kukushauri na kukuelekeza panapopatikana msaada. Namba 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya pia ni ya bure na hutoa ushauri nasaha. Mwenye simu ya kisasa anaweza kupakua programu ya bure ya AA iitwayo Meeting Guide, inayoonyesha mikutano iliyo karibu. Usikate tamaa ikikuonyesha ya Nairobi tu, kwa maana vikao vidogo vya vijijini si vyote huandikishwa.

Kwa aliye Tanzania, mtu wa kuanza naye ni afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri, au kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya wilaya au ya mkoa. Mwulize waziwazi kama kuna kikundi cha walioacha pombe, kwa kuwa usipotaja kikundi utapewa tarehe ya kliniki peke yake.

Wengi hukata simu inapopokelewa, kwa kutojua la kusema. Andika maneno haya na uyasome jinsi yalivyo: "Habari. Mimi ninakunywa pombe na ninataka kuacha. Ninaishi karibu na mji fulani, sina gari. Ninatafuta mkutano wa watu walioacha. Unaweza kunielekeza?" Huna haja ya kutaja jina lako.

Angalia jambo moja. Ukielekezwa kwenye makao ya kulala, yenye malipo, usitume pesa kabla ya kupiga tena 1192 na kuuliza kama makao hayo yameidhinishwa na NACADA. Makao si mkutano. Kuna wanaoyahitaji, lakini asiulizwe ada mtu aliyetafuta mkutano.

3. Ukipata namba ya kikundi, uliza maswali matano.

Uliza kama mkutano bado unafanyika, maana orodha huchakaa na vikundi huhama. Uliza siku na saa. Uliza kama ni mkutano wa wazi, ambao hata mke, mume au rafiki anaweza kuketi, au ni wa wenye tatizo peke yao. Uliza lugha inayotumika, kwa sababu katika miji yenye wafanyakazi wa serikali vikao vingine huendeshwa kwa Kiingereza na vingine kwa lugha ya mama. Mwisho, uliza nani atakupokea na utamjuaje. Jibu la swali hili la mwisho lina thamani kuliko mengine yote, kwa kuwa mtu anayejua kuwa kuna anayemsubiri hageuki njiani kirahisi. Pata pia maelekezo ya mahali kwa alama za macho: nyuma ya kinu cha posho, darasa la mwisho la shule ya msingi, ukumbi wenye paa jekundu. Hutaki kuzunguka ukiuliza watu.

4. Panga safari kuanzia mwisho wake.

Watu hupanga namna ya kufika. Wewe panga kwanza namna ya kurudi. Tuseme mkutano ni Jumamosi saa 8 mchana mjini, na matatu ya mwisho ya kupanda kwenu huondoka saa 12 kasorobo jioni. Mkutano utaisha saa 9 na nusu, mtakunywa chai mpaka saa 10, kisha utafika steji. Hapo ndipo pana hatari, na sijaona mwongozo wowote unaoitaja: matatu ya mashambani haiondoki mpaka ijae, na baa huwekwa pale pale watu wanapoisubiri. Unaweza kukaa dakika 50 mbele ya mlango wa kegi, umetoka mkutanoni, una pesa ya nauli mfukoni na huna la kufanya. Wengine wamelewa kwa mara ya kwanza baada ya wiki nzima wakiwa mahali hapo hapo.

Tiba yake ni rahisi. Mwombe mmoja wa kikundi asimame nawe mpaka gari liondoke. Hawatashangaa, wao wenyewe walisindikizwa. Au mlipe nauli ya kurudi kondakta unayemjua asubuhi ile ile unaposhuka, ili alasiri usiwe na noti mkononi. Au panda boda boda hadi steji inayofuata, isiyo na baa, ungoje huko.

Usichague mkutano wa siku ya soko ikiwa siku hiyo ndiyo unayonywa. Na ikiwa wewe ni mkulima wa chai, tazama mbele mpaka mwezi Oktoba wakati wa bonasi: wiki hiyo usikose hata mkutano mmoja, na kama una akaunti ya pamoja na mwenzako, malipo yaingie humo.

5. Amua nani ajue.

Sasa tuje kwenye swali linalowasumbua wengi. Neno la pili katika jina la AA lina maana ya kutotajwa jina, na mjini hilo linawezekana kabisa. Unaingia jengo la ghorofa, hakuna anayekujua. Kijijini ni hadithi. Ng'ombe wako wanajulikana kwa rangi, itakuwa wewe? Ukionekana unaingia ukumbi wa parokia Jumamosi mchana, kufikia Jumapili asubuhi habari imevuka mto.

Kwa hiyo ninawashauri watu waache kuficha nyuso zao na badala yake walinde maneno yao. Yanayosemwa ndani hayatoki nje. Hiyo ni kanuni ambayo vikundi vinaitilia maanani, na anayeivunja hukabiliwa. Kuhusu uso, kumbuka kwamba kijiji kilishajua unakunywa. Kilikuona umelala kwenye mtaro. Kipya watakachojifunza ni kwamba unatafuta msaada tu.

Lakini iwapo kazi yako inakulazimu kujificha, mathalani wewe ni mwalimu au kiongozi wa kanisa, hudhuria katika mji wa pili, si ule ulio karibu. Nauli itaongezeka, ila utazungumza kwa uhuru zaidi. Nyumbani mwambie mtu mmoja. Usitangaze kwenye chama, wala kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo, kwamba umeacha pombe. Matangazo hayo huvuta wachunguzi, na wachunguzi huvuta chupa.

6. Siku yenyewe, fika mapema kwa dakika 15.

Anayechelewa hulazimika kufungua mlango watu wote wakitazama, na wengi hugeuka hapo. Nasema ninalolijua. Siku yangu ya kwanza nilipita mbele ya mlango ule mara 3, nikijifanya namtafuta fundi wa baiskeli, na mara ya tatu mzee mmoja akatoka na sufuria ya chai akaniambia, "Fundi yuko humu ndani, ingia." Hapakuwa na fundi. Nikaingia.

Utakuta watu 5, au 8, mara chache 15. Madawati ya shule au viti vya plastiki, chupa ya chai, na vitabu vichache vilivyochakaa pembe. Usishangae chai ikimiminwa nusu kikombe. Katika kikundi chetu mgeni hamiminiwi kikombe kikajaa, kwa sababu mikono inayotetemeka humwaga, na hatutaki kumbukumbu yake ya kwanza iwe ya aibu.

7. Ndani ya mkutano, fuata wenyeji.

Kwa kawaida mwenyekiti wa kikao hufungua kwa sala fupi ya kuomba utulivu, halafu husomwa Hatua 12, yaani zile ambazo AA huzifuata katika kuacha pombe, zilizochapishwa mara ya kwanza mwaka 1939. Mtu mmoja hueleza maisha yake ya pombe na jinsi alivyoacha, kisha wengine huzungumza kwa zamu. Anayezungumza huanza kwa jina lake la kwanza na kusema kwamba yeye ni mlevi, nao wenzake humwitikia. Zamu ikikufikia, unaweza kusema, "Jina langu ni fulani, leo nitasikiliza." Inatosha. Hakuna atakayekushurutisha.

Mambo yanayowaponza wageni ni machache. Usimjibu wala kumshauri mwenzako anapomaliza kuzungumza. Kila mtu husema yake na huachwa. Usitaje majina ya watu wa kijijini waliokuponza. Usisimulie utamu wa pombe kwa urefu, kwa kuwa jirani yako ameacha jana. Simu izimwe, na kurekodi ni mwiko.

Kikapu kikipitishwa, ni cha kodi ya ukumbi na majani chai. Mgeni si lazima atoe. Kikundi cha AA hakipokei ufadhili wa nje, hujitegemea kwa michango ya wanachama wake, kwa hiyo ukimsikia mtu akiomba ada ya kujiandikisha, umekosea mlango.

Mungu hutajwa, naye hutajwa kwa jinsi kila mtu anavyomwelewa. Ukumbi unaweza kuwa wa kanisa, lakini kukodi ukumbi si kuwa wa kanisa hilo. Waislamu huhudhuria. Wasiosali popote pia huhudhuria, wengine kwa kinyongo, na wanabaki.

8. Usiondoke bila namba za simu.

Omba namba 3, uziandike, na umpigie mmoja wao kesho yake, hata kama huna neno. Ukiwa bado hujanywa, kupiga ni kazi nyepesi. Ukisubiri kiu ikushike ndipo upige simu ya kwanza maishani mwako kwa mtu usiyemzoea, hutapiga. Baada ya wiki kadhaa mwombe mmoja awe mdhamini wako, yaani mtu aliyekutangulia ambaye unamweleza mambo yako bila kuficha naye anakuongoza katika zile Hatua. Desturi ni mwanamume kwa mwanamume na mwanamke kwa mwanamke, na huku kwetu desturi hiyo huzuia maneno mengi.

9. Jaza siku za katikati.

Mtu wa mjini anaweza kuhudhuria kila jioni. Wewe labda ni mara moja kwa wiki, au mara mbili kwa mwezi. Siku za katikati zijazwe kwa simu, au kwa mikutano ya mtandaoni ambayo AA huifanya kutwa kucha katika nchi mbalimbali. Zima kamera, weka herufi moja mahali pa jina, tumia sauti peke yake ili bando isiishe upesi, na vaa spika za masikioni. Chagua mahali pa kuketi: nyumba ya mabati hupitisha kila neno, ilhali katikati ya mahindi, penye mtandao, hakuna akusikiaye. Katika vikundi vya WhatsApp namba yako huonekana na kila aliyemo. Anayetaka kujificha asiingie.

Kwa aliye mbali kabisa na mtandao na barabara, AA ina utaratibu wa wanachama walio peke yao kuandikiana barua. Ni wa zamani na ungalipo.

10. Pasipo na kikundi, anzisheni.

Walevi 2 au 3 wanaokutana kwa ajili ya kuacha pombe wanaweza kujiita kikundi cha AA. Hilo limo katika mapokeo yake wenyewe. Tafuteni mahali pasipo na gharama, kama darasa baada ya masomo. Wekeni siku moja isiyobadilika, na yule mwenye ufunguo afike hata kama anajua atakuwa peke yake. Msipokee fedha za mwanasiasa. Msikubali pia kikao chenu kifanywe adhabu ya kuwapelekea watu waliokamatwa katika msako, maana atakayeletwa kwa nguvu atawafukuza waliokuja kwa miguu yao.

Yanapokwama

Umefika, mlango umefungwa. Piga ile namba uliyopewa. Isipopokelewa, ondoka hapo mara moja, rudi nyumbani au nenda kwa mtu yule anayejua ulikokwenda. Kosa ni kusubiri "kidogo" katika mji ambao hukuwa na shughuli nyingine ndani yake.

Umemkuta ndani mtu unayemdai, au anayekudai. Hutokea, tena mara nyingi. Deni halizungumzwi ukumbini wala mlangoni. Mkishindwa kuketi pamoja, hudhurieni wiki kwa wiki kwa zamu mpaka litatuliwe.

Wewe ni mwanamke pekee. Mwulize mwenyekiti kama kuna mwanachama mwanamke wa kikundi cha jirani ambaye unaweza kupewa namba yake, na uketi karibu na mlango ukipenda. Mwanamume akianza kukuandama kwa jina la kukusaidia, mwambie mwenyekiti siku hiyo hiyo, na kikundi kisipochukua hatua, hama.

Mwenzako hataki kwenda, wewe ndiye unayeumia. Usimvute. Kuna vikundi vya Al-Anon kwa ajili ya familia, vilivyoanza mwaka 1951, na pasipo na kikundi hicho hudhuria mkutano wa wazi wa AA peke yako. Wapo waliofuatwa na waume zao mwezi wa tatu, kwa udadisi tu.

Umesikiliza mara moja, hukupenda. Nenda mara 6 kabla ya kuamua. Siku ya kwanza mtu husikia moyo wake tu.

Umerudia pombe. Rudi katika mkutano unaofuata, useme umekunywa, na hesabu ianze upya. Hakuna anayefukuzwa. Lakini kama ulikuwa umeacha kwa wiki au miezi, usijaribu kunywa kile kiasi chako cha zamani, kwa kuwa mwili haukistahimili tena. Na ikiwa umekunywa siku nyingi mfululizo, rudi kwenye onyo la mwanzo kuhusu kuacha ghafla.

Unapika pombe kuuza, ndiyo ada ya shule ya watoto. Swali hili huulizwa na akina mama kwa sauti ya chini sana, wakidhani watafukuzwa. Njoo. Sharti ni kutaka kuacha kunywa, na hakuna atakayekuuliza pipa liko wapi. Ila nikueleze ukweli wa jikoni: anayepika huonja, kwa kuwa hawezi kujua kama imeiva asipoonja, na anayeonja kila alfajiri anakunywa kila siku hata kama hajawahi kushika kikombe mbele ya mteja. Mwambie daktari kiasi hicho cha kuonja. Kuhusu kuacha kuuza, zungumza na mdhamini wako na uanze polepole na kitu kingine, kuku au mboga, kabla ya kuangusha pipa. Tuliye naye kwetu alichukua misimu miwili ya mvua. Katika msimu wa kwanza alikuwa akija mkutanoni nguo zinanuka moshi na machicha, akiketi karibu na dirisha, na hakuna aliyehama kiti.